Kopo la Waya Uliokatwa

Mimi ni fundi viatu, na sina subira na watu wanaonisemesha wakati nimeuma misumari mdomoni. Kwa bahati yangu mbaya nimepanga baraza moja na mtu asiyeweza kukurudishia pasi yako bila kukupa somo. Tunamwita Omu. Jina alilopewa na wazazi wake analijua mkewe, na labda mwenye nyumba. Sisi wengine tulimbandika jina la kile kipimo anachokitaja kutwa nzima. Omu ni kipimo cha ukinzani, na ukinzani, kwa asiyekaa karibu naye, ni ule ubishi ambao waya unaufanyia umeme unaopita ndani yake. Waya mrefu na mwembamba una ubishi mwingi. Mfupi na mnene hauna neno.

Kazi yake ni kufufua vyombo vya moto: pasi, majiko ya umeme, mabirika. Ndani ya kila kimoja kuna koili, yaani waya wa kutoa moto, na ikikatika yeye husokota nyingine. Chombo hakitoki mezani kwake mpaka akipime mbele ya mwenyewe. Kwanza anasoma volti, ile nguvu inayousukuma umeme. Kisha anasoma ampea, wingi wa umeme unaopita. Hapo ndipo somo linapoanza. Gawa volti kwa ampea, atakwambia, umepata omu. Zidisha volti kwa ampea, umepata wati, na wati ndio moto wenyewe. Siku moja alimweleza hivyo bibi kizee aliyefuata birika lake, akaeleza na kueleza, na yule bibi akamsikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, kisha akamwambia, mwanangu, mimi ninachotaka ni chai. Nilicheka nusura nimeze msumari.

Hesabu hizo alizipata kwa shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, aliyekuwa na karakana ya kusuka mota. Omu alikulia humo akiunguzwa na kila kitu kinachoweza kuunguza. Baadaye aliajiriwa kwenye kiwanda cha mikate, akawa mtunza majiko, mpaka kiwanda kilipofungwa na wote wakamwaga unga, na sidhani kama kuna watu waliowahi kustahili msemo huo kuliko wao. Ndipo akaja barazani. Mkewe anauza mkaa upande wa pili wa barabara, kwa hiyo nyumba yao inakula kwa umeme na kwa adui wa umeme, na wawili hao hawaishi kutaniana juu ya nani atamfilisi mwenzake.

Ni mtu mwema. Nalisema hili mapema kwa sababu wema wake ndio uliotutia mashakani.

Mtaa wetu ulikuwa mwisho wa laini ya umeme. Wa mwanzo walipata umeme uliojaa, wa katikati wakapata wa kutosha, na sisi tukapata makombo. Taa zetu zilikuwa na usingizi. Volti zinazotakiwa ni mia mbili na arobaini. Mita ya Omu ilikuwa ikisoma mia na themanini, na hiyo ni siku njema. Watu wakawa wanamletea pasi nzima kabisa wakidai ni mbovu. Yeye akipima anakuta koili ina omu sitini, kama kiwanda kilivyoiweka. Kwenye umeme kamili pasi hiyo ingevuta ampea nne na kutoa wati mia tisa na sitini, moto wa kunyoosha hata turubai. Lakini kwa volti mia na themanini ilivuta ampea tatu tu, na tatu mara mia na themanini ni wati mia tano na arobaini. Pasi ya namna hiyo haipigi nguo, inaibembeleza.

Alieleza mpaka akachoka. Akawachorea kwa chaki kwenye sakafu ya baraza. Nani alitaka hesabu? Walitaka shati linyooke. Wakaanza kusema kwamba Omu amezeeka, kazi yake haina moto, na neno hilo lilimchoma. Nilimwona uso ukimshuka kila mteja alipoinua pasi, akaigusa kwa kidole kilicholowa mate, akaiweka chini.

Basi siku moja akaacha kueleza. Alichukua koili ya omu sitini, akaigawa kwa jicho mafungu matano, akakata mawili, akabakiza matatu. Omu thelathini na sita. Waya ukiwa mfupi ubishi unapungua, na umeme dhaifu unapata njia. Akaichomeka, mita ikasoma ampea tano. Mara mia na themanini, wati mia tisa. Akatema mate kwenye pasi, yakaruka. Akanigeukia akitabasamu kama mtoto aliyefungua kabati la sukari. Nilimuuliza itakuwaje umeme ukija kujaa. Akasema huo umeme wa kujaa tumeusubiri tangu tukiwa na nywele nyeusi, lakini ukija, ataunga upya kila koili, na ndiyo sababu vile vipande alivyokata hakuvitupa. Alivitia kwenye kopo la maziwa ya unga, akaliweka chini ya meza yake.

Hapo hakuwa na kosa, na nitambishia yeyote atakayesema alikuwa nalo. Kosa lilikuja na mteja wa kwanza. Mwanamke aliichukua ile pasi kwa mashaka, kesho yake akarudi akiimba. Akamuuliza amefanya nini. Na Omu, mtu ambaye angemfundisha ukinzani hata paka aliyepita, siku hiyo hakusema neno. Alicheka tu, akafuta mikono. Yule mwanamke akatangaza mtaa mzima kwamba fundi wetu ana mkono wa moto. Wakaja kwa makundi, na pasi zao na majiko yao. Kila aliyekuja alimvisha kilemba cha ukoka, naye akainamisha kichwa kivae vizuri. Hakumwambia hata mmoja kwamba koili yake imekatwa. Kopo likajaa.

Kisha siku moja wakaja watu na nguzo, wakasimamisha transfoma mpya kwenye kona yetu. Taa zilipowashwa watoto walipiga kelele na mwuza mkaa akajifanya analia. Omu alichomeka mita yake kwenye soketi ya baraza. Mia mbili na arobaini kamili. Watu walikuwa wanapongezana barabarani, naye amekaa na ile mita mapajani. Nikamuuliza kulikoni. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba waya haujui transfoma. Ubishi wake ni uleule, thelathini na sita. Lakini anayesukuma ameongezeka nguvu, kwa hiyo umeme unaopita umeongezeka pia, na moto unazidishwa na yote mawili kwa mpigo. Gawa mia mbili na arobaini kwa thelathini na sita: ampea sita na theluthi mbili. Zidisha tena kwa mia mbili na arobaini: wati elfu moja na mia sita. Pasi iliyotengenezwa kutoa mia tisa na sitini.

Nilimwambia awaambie. Akasema atawaambia. Kisha akaanza kutafuta maneno, na mtu akishaanza kutafuta maneno ya kusema kweli ujue hatayapata. Mara aliona watu wataogopa bure. Mara aliona watasema aliharibu vyombo vyao kwa makusudi. Mwishowe akaamua kwamba koili hizo zitakatika zenyewe kwa moto, watu watazileta, naye ataziunga kimyakimya bila malipo. Kweli baadhi zilikuja. Mashati yalianza kuonekana mtaani yakiwa na alama ya pasi mgongoni, na wenyewe wakijivuna kwamba umeme mpya si mchezo. Omu alicheka nao, ila kicheko chake hakikuwa na sauti.

Sasa nimfikie Pini.

Nyuma ya baraza letu kuna ua, na ndani ya ua kuna chumba cha Mama Cherehani, mshonaji wa sare na nguo za kazi. Pini ni mtoto wa kaka yake. Alikuja kwa shangazi yake kujifunza kushona, na jina hilo tulimpa kwa sababu hufanya kazi amebana pini midomoni. Mimi na yeye tulielewana bila kuongea, wote wawili midomo imejaa chuma. Msichana mtulivu, mkono wake mwepesi, kukata kitambaa hajambo kuliko shangazi mtu. Kazi yake kubwa ilikuwa kupiga pasi, kutwa, na pasi yenyewe ilikuwa ile nzito ya zamani isiyojizima. Omu aliikata koili yake.

Chumba kile kimegawanywa kwa ukuta wa mbao. Soketi ya kupigia pasi ililetewa umeme kwa waya mwembamba wa taa uliopitishwa ndani ya ukuta huo, na katikati ulikuwa na kiungo kilichopotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu. Omu alikijua kiungo hicho. Zamani alimwambia Mama Cherehani akibadilishe, mama akasema atafanya, na kwa ampea tatu hakikuwa na neno.

Moto ulizuka mchana. Pini alikuwa amemaliza rundo kubwa la sare, akachomoa pasi, akaisimamisha, akachukua mzigo kumpelekea mteja kwenye kona. Aliporudi moshi ulikuwa unatoka kwenye mbao. Tulikimbia na ndoo na mchanga, kila mtu na alichoshika. Hakuumia mtu. Lakini ukuta uliteketea, kazi za watu zikateketea, na meza ya cherehani moja ikabaki miguu. Kwenye majivu ilionekana ile pasi imelala ubavu. Soketi ilikuwa imeyeyuka, plagi imekuwa donge, na hakuna aliyeweza kusema kipi kilikuwa ndani ya kipi.

Mama Cherehani alipofika alitazama pasi, akamtazama mtoto wa kaka yake.

“Uliiacha pasi.”

“Nilichomoa, shangazi.”

“Uliiacha.”

“Nilichomoa. Niliisimamisha pale, nikachomoa.”

Hakuna aliyemuuliza swali la pili. Jibu lilikuwa limelala pale kwenye majivu, la chuma, kila mtu analiona. Tulitikisa vichwa, tukasema wasichana wa siku hizi akili zao ziko kwenye simu, na katika waliosema hivyo na mimi nilikuwemo, ingawa simu ya Pini sijawahi kuiona. Omu hakusema kitu. Alikuwa amechuchumaa kwenye mabaki ya ukuta, anachokoa kwa bisibisi. Nilimwona akiokota kitu kidogo na kukitia mfukoni.

Hukumu ilitoka upesi. Mama Cherehani alimwita kaka yake aje amchukue binti yake. Hakumpiga, hakumtukana, alisema tu kwamba hawezi tena kumwachia chumba. Na kwa fundi nguo hayo si maneno madogo. Nani angempa Pini pasi yake baada ya hapo? Habari ilishafika kwa kila mwenye cherehani, kwamba huyu ndiye aliyechoma kazi za watu. Msichana alikuwa anaondoka bila ufundi na bila jina.

Siku moja kabla ya baba yake kufika, alikuja barazani. Macho yalikuwa yamevimba lakini alikuwa amejikaza. Alitusalimia sote wawili kwa heshima, kisha akasimama mbele ya meza ya Omu kama mteja.

“Fundi, wewe ndiye unayejua umeme hapa,” alisema. “Nataka kukuuliza kitu kimoja tu. Moto unaweza kutokea wakati pasi imechomolewa?”

Nilishusha nyundo. Omu alikuwa ameshika koleo, akawa analifungua na kulifunga.

“Umeme una mambo mengi, binti.”

“Lakini inawezekana?”

“Ni vigumu kujua,” alisema Omu. “Pale pameungua sana.”

Pini aliitikia kwa kichwa. Halafu akamshukuru. Alisema, ahsante, Fundi, akaaga, akarudi uani kufunga mizigo yake.

Nilitema misumari yote kiganjani. Nilimwambia Omu maneno ambayo siwezi kuyarudia, kwa sababu mengine yalimhusu marehemu mama yake, ambaye hakuwa na hatia. Hakubisha. Aliingiza mkono mfukoni, akaweka mezani kile alichookota: vipande viwili vya shaba, kila kimoja kimeyeyuka nchani kikafanya shanga. Kilikuwa kile kiungo. Akaniambia moto haukuanzia mezani, ulianzia ndani ya ukuta. Kiungo cha kupotwa kilikuwa kimebebeshwa zaidi ya mara mbili ya mzigo wake wa zamani, kutwa nzima, sare baada ya sare, mpaka mbao zikashika moto wa chini chini. Pini alipochomoa, mbao zilikuwa zimeshaanza kufuka kwa ndani. Angechomoa au asingechomoa, ilikuwa ileile.

Nikamuuliza kama alilijua hilo tangu siku ya moto. Akasema alilijua kabla hajaokota.

Mkewe aliniambia baadaye kwamba jioni hiyo Omu hakugusa chakula. Alikaa na kopo lake miguuni. Mkewe akamtania kwamba mkaa umeshinda, basi akubali yaishe, naye badala ya kujibu utani akamweleza yote. Yule mama hakumfariji. Alimuuliza swali moja: yule msichana anaondoka saa ngapi?

Asubuhi alinikuta nafungua duka. Amevaa shati safi, amebeba kopo na mita. Aliniomba nimsindikize, na akaniambia wazi kwamba kazi yangu ni kuziba mlango akigeuka. Nilimfuata. Sikuwa na hamu ya kwenda, maana nilijua na mimi nina langu, lakini nilimfuata.

Uani walikuwepo Mama Cherehani, mwenye nyumba, na baba yake Pini, mwanamume mrefu aliyekaa kwenye ncha ya kiti kama mtu asiyetaka kukichafua. Pini alisimama karibu na begi lake. Baba mtu alikuwa katikati ya kuomba radhi kwa dada yake, na kumsikia baba akiomba radhi kwa kosa ambalo mtoto hakulitenda ni jambo ambalo sijalisahau. Omu hakungoja amalize.

“Usiombe radhi, ndugu yangu,” alisema. “Moto ni wangu.”

Akaweka kopo chini, akalifungua. Akawaambia kila kitu: umeme dhaifu, koili sitini, koili thelathini na sita, sifa alizopewa akazipokea, transfoma, na kunyamaza kwake. Akaweka vile vipande vya shaba kwenye kiganja cha mwenye nyumba. Alieleza hesabu yake polepole, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuonekana kuifurahia. Mwisho akasema, “Na jana huyu binti alinijia. Aliniuliza kama inawezekana. Nilijua inawezekana, nikamwambia ni vigumu kujua. Alichomoa pasi. Alisema kweli tangu mwanzo.”

Mama Cherehani akashusha pumzi, akavuta kigoda, akamsogezea Omu. Akamwambia akae. Akasema, jamani Fundi, nia yako ilikuwa njema, ulitaka kutusaidia, na ule waya hata mimi uliniambia niubadilishe nikapuuza. Mwenye nyumba naye akasema ni ajali, nani angejua italetwa transfoma? Mtu akaagizwa maji ya kunywa. Nilikuwa naona mambo yamekwisha salama, nikaanza hata kupumua.

“Yeye mmempa kiti,” alisema Pini.

Hakupaza sauti. Tulimgeukia wote.

“Yeye amekuja amesema amekosa, mmempa kiti na maji. Mimi nilisema sijakosa, mkaniambia nifunge begi. Hakuna aliyeniuliza hata plagi niliiweka wapi.”

Baba mtu alitazama chini. Omu alikuwa hajakaa bado. Alikisukuma kile kigoda kwa mguu mpaka kikafika mbele ya Pini, lakini Pini hakukitaka. Alikuwa analitazama kopo.

“Hivi vipande ni vya pasi za nani?”

“Vya mtaa mzima,” alisema Omu.

“Na bado wanazitumia?”

“Wengi wao.”

“Basi twende. Wewe utawaambia, na mimi nitakuwepo wakisikia.”

Tulikwenda mlango kwa mlango. Baba yake alibaki kwa dada yake, na yaliyosemwa kati ya ndugu hao wawili siyajui. Kwenye mlango wa kwanza Omu alisema maneno ambayo aliyarudia kwenye kila mlango bila kupunguza: nilikata waya wa chombo chako bila kukwambia, sasa ni hatari; moto wa uani ulitokana na hilo; huyu alichomoa pasi. Kisha akachomeka chombo na mita, na hapo akafanya jambo ambalo hatukulipanga. Alimpa Pini mita asome yeye. Pini alisoma volti, akasoma ampea, na kwa kuwa ni mtu aliyezoea kugawa kitambaa kwa futi, haikuchukua milango mingi akawa anagawa kichwani: mia mbili na arobaini kwa sita na kitu, karibu thelathini na sita. Alilitaja jibu kwa sauti, mwenye chombo anasikia, watoto wanasikia. Omu hakuwa anaongeza chochote. Alikaa chini, akafungua chombo, akatoa waya kwenye kopo, akaunga.

Karibu wote walimsamehe. Walimwambia ni bahati mbaya, na kila alipoambiwa hivyo alijikunja kama aliyechomwa mwiba, akasema hapana, si bahati. Nadhani angependa atukanwe. Mmoja tu alimtukana, mwenye shati lililoungua mgongoni, na huyo ndiye Omu aliyemshukuru kwa moyo. Pini walimtazama, wakatazama pembeni, wakamkaribisha ndani kwa sauti ya juu kupita kiasi. Tulipofika kwangu, mke wangu alisikiliza maelezo yote akiwa ameshika jiko letu, halafu akanigeukia.

“Si wewe uliyesema alikuwa kwenye simu?”

Nilikiri. Nilimwomba Pini msamaha palepale mlangoni kwangu, mbele ya watoto wangu. Akaniambia, “Sina simu, baba,” akainama kusoma mita.

Jioni haijaingia tulirudi uani. Begi lilikuwa bado nje, na baba mtu amekaa kando yake. Mama Cherehani alikuwa ameazima pasi kwa jirani, ya aina ileile, na jirani huyo hatukumkuta kwake, kwa hiyo ilikuwa haijapimwa. Umeme wa upande wa nyuma wa chumba ulikuwa mzima. Omu alivuta kutoka huko waya mpya, mnene, akafunga soketi, akachomeka ile pasi na mita, akarudi nyuma. Pini akasoma. Ampea sita nukta saba, alisema. Imekatwa hii, shangazi, isitumike.

Mama Cherehani alimtazama Omu. Ilikuwa mazoea tu; sote tulikuwa tumezoea kumtazama Omu kila umeme ukitajwa.

“Usinitazame mimi,” alisema Omu. “Mimi niliulizwa nikasema sijui.”

Mama Cherehani akamgeukia mtoto wa kaka yake. Pini aliinama, akashika plagi, akaivuta. Hakuiacha ining'inie. Aliileta mpaka kwenye meza mpya ya kukatia, akaiweka mbele ya shangazi yake, katikati, mahali ambapo hata kipofu angeigusa.

“Nimechomoa, shangazi,” alisema.

Mama Cherehani aliiweka mikono yote miwili juu ya ile plagi, na machozi yakaanza kumtoka.

“Ulisema,” alijibu. “Ulisema siku ileile.”